Neno Halijafika Mpaka Lirudi

(Maelezo haya yalisomwa redioni wiki hii. Tunayachapisha kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.)



Leo nimekuletea mazungumzo juu ya kazi ambayo kila mmoja wetu anadhani anaijua, kwa sababu ameifanya tangu utotoni. Kazi yenyewe ni kusema. Sina maana ya kupayuka, wala kuhutubia mkutano, wala kusema Kiswahili cha kupendeza masikio. Nina maana ya kumwambia mwenzako jambo, naye akaondoka akiwa na jambo lile lile ulilolikusudia, lisilopungua wala kugeuka.

Sikiliza ugomvi wowote, uwe wa sokoni, wa ofisini au wa jikoni. Mara nyingi utasikia mmoja anasema, "Mimi nilikwambia!" na mwenzake anajibu, "Hukuniambia!" Sisi tunaosikiliza pembeni tunadhani mmoja wao ni mwongo. Lakini mara nyingi wote wawili wanasema kweli. Wa kwanza alisema, wa pili hakupata. Neno lilitoka kinywani likapotea njiani, na hakuna aliyekwenda kulitafuta.

Kwa hiyo leo nataka tukubaliane juu ya jambo moja tu: neno halijafika mpaka lirudi. Kusema kwako ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni pale msikilizaji anapokurudishia alichokielewa, nawe ukasikia kwamba ndicho hasa ulichokisema. Kabla ya hapo, usihesabu kwamba umemwambia mtu kitu.

Huenda ukasema haya ni mambo madogo. Basi ngoja nikueleze mahali ambapo jambo hili dogo lilisaidia kuua watu 583 kwa siku moja.

Ilikuwa Jumapili, Machi 27, 1977, katika kisiwa cha Tenerife, kimojawapo cha Visiwa vya Canary vya Hispania. Bomu lilikuwa limelipuka katika uwanja wa ndege wa kisiwa jirani cha Gran Canaria, na ndege nyingi zikaamriwa zikatue Tenerife. Miongoni mwake zilikuwamo Boeing 747 mbili, moja ya shirika la KLM la Uholanzi na nyingine ya Pan Am ya Marekani. Jioni ukungu mzito ukashuka. Mwongoza ndege aliyekuwa mnarani hakuweza kuziona ndege hizo, na marubani hawakuweza kuonana. Kilichobaki kuwaunganisha ni maneno ya redio tu.

Ndege ya KLM ilikuwa imesimama mwisho wa barabara ya kurukia. Ile ya Pan Am ilikuwa bado inatembea juu ya barabara hiyo hiyo, ikitafuta mahali pa kutokea. Mwongoza ndege akawapa KLM maelekezo ya njia watakayoifuata wakishakuwa angani. Hakuwapa ruhusa ya kuruka. Rubani msaidizi akayarudia maelekezo yale, kisha akamalizia kwa maneno ya Kiingereza yaliyoweza kuchukuliwa kwa maana mbili: kwamba wako mahali pa kuanzia kuruka, au kwamba ndiyo wanaruka. Mwongoza ndege akachukua maana ya kwanza. Akajibu "OK," akanyamaza kidogo, kisha akawaambia wangoje mpaka awaite. Wakati huo huo rubani wa Pan Am naye alikuwa anasema kwamba bado yumo barabarani. Sauti mbili zikagongana hewani, ukasikika mlio. Ndani ya ndege ya KLM, neno lililofika bila matatizo ni lile "OK".

Ndege ikazidi kukimbia. Mhandisi aliyekaa nyuma ya marubani akaingiwa na wasiwasi, akauliza kama ile ya Pan Am haijatoka barabarani. Rubani mkuu alikuwa mtu mwenye sifa kubwa, mwalimu wa marubani wenzake. Akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Mhandisi hakuuliza tena. Sekunde chache baadaye ndege zikagongana. Katika KLM walikufa wote 248. Katika Pan Am walikufa 335, na walionusurika ni 61.

Ndugu msikilizaji, ukungu ulikuwapo, na haraka ya kuondoka ilikuwapo. Lakini hakuna injini iliyokuwa imeharibika, na marubani wale hawakuwa wanafunzi. Ukitazama vizuri utakuta mambo matatu ambayo wewe na mimi tunayaona kila siku: sentensi yenye maana mbili, jibu la neno moja, na mtu wa chini aliyenyamaza mbele ya mkubwa wake.

Baada ya msiba ule, kanuni za maneno ya redio zilikazwa. Lile neno la Kiingereza la kuruka likawekewa mpaka: lisitamkwe ila pale ruhusa ya kuruka inapotolewa au inapofutwa. Rubani akipewa ruhusa, hatakiwi kujibu "OK" akaishia hapo. Lazima airudie ruhusa yenyewe, na mwongoza ndege asikilize kama imerudi kama ilivyotoka. Watu hawa wana elimu kubwa na vyombo vya gharama, lakini wamekubali kurudiarudia kama watoto wa darasa la kwanza, kwa sababu wanajua bei ya kutokurudia.

Sasa sisi tunayo "OK" yetu, nayo inaitwa "sawa". Hebu tujiulize neno hili lina maana ngapi. Bosi anampa karani maagizo matano kwa mkupuo huku anafunga mkoba wake. Karani anasema, "Sawa, bosi." Maana yake ni nini? Yaweza kuwa nimesikia sauti yako. Yaweza kuwa nimeelewa. Yaweza kuwa nimekubali, na nitafanya. Na yaweza kuwa sijaelewa hata kidogo, ila naona una haraka na sitaki kuonekana mjinga. Bosi anaondoka na maana anayoipenda. Kesho yake asubuhi kazi haikufanyika, na maneno yanaanza: "Si nilikwambia?"

Ipo hatari nyingine, nayo kwetu sisi watu wa adabu ni kubwa zaidi. Ni kusema jambo zito kwa maneno laini. Hapa pia nitakupa mfano wa ndege.

Januari 25, 1990, ndege ya shirika la Avianca ilikuwa inatoka Colombia kwenda New York. Hali ya hewa ilikuwa mbaya na ndege zilikuwa nyingi, kwa hiyo iliamriwa kuzunguka angani kwa zaidi ya saa nzima ikingoja zamu. Mafuta yakawa yanakwisha. Rubani mkuu akamwagiza msaidizi wake aseme redioni kwamba wana hali ya hatari. Msaidizi akasema kwamba mafuta yanawaishia. Kwako na kwangu maneno hayo yanatosha. Lakini kwa waongoza ndege waliokuwa na ndege nyingi mkononi, lipo neno maalumu la hatari ambalo likitamkwa, wote wengine husogezwa kando. Neno hilo halikutamkwa. Baada ya jaribio moja la kutua kushindikana, mwongoza ndege aliwaambia atawapeleka mbali kidogo kisha awarudishe, akauliza kama mafuta yao yanaruhusu. Msaidizi akajibu kwamba anadhani ndiyo, akashukuru sana. Dakika chache baadaye injini zote nne zikazimika. Katika watu 158, walikufa 73.

Alishukuru sana, msikilizaji! Huyu si mtu mbaya. Ni mtu mpole, asiyetaka kusumbua. Kwetu wamejaa. Ni yule mfanyakazi anayejua mzigo hautafika Jumatatu, lakini akiulizwa anasema, "Tunajitahidi, mzee." Ni yule mama aliyebeba mtoto anayehema kwa shida, anayeulizwa dirishani ana tatizo gani, naye anasema, "Mtoto hajisikii vizuri kidogo." Neno hilo "kidogo" tunaliweka kila mahali kama chumvi. Mtoto ambaye hajanyonya tangu jana hana tatizo kidogo. Sema: "Mtoto hajanyonya tangu jana, na anahema kwa shida." Adabu ibaki katika sauti na katika salamu. Habari yenyewe iseme kwa uzito wake.

Na sisi watu wa Kiswahili tunayo mitego yetu. Nitataja minne.

Wa kwanza ni saa. Sisi twahesabu saa tangu jua linapochomoza, wakati simu, tiketi na barua za Kiingereza huhesabu tangu usiku wa manane. Saa tatu yetu ya asubuhi ni tisa yao. Kwa kawaida hatukosei. Lakini tiketi ikiandikwa "saa 12:00" bila neno jingine, ni alfajiri au ni adhuhuri? Ukikosea kwa saa sita basi limekwishakwenda, na wewe umebaki kituoni na mizigo yako. Dawa yake ni neno moja tu: asubuhi, mchana, jioni au usiku. Usitaje saa bila neno hilo.

Wa pili ni usiku. Ukialikwa "usiku wa Ijumaa", uende lini? Kwa wengi wa pwani, usiku hutangulia mchana wake, kwa hiyo usiku wa Ijumaa huwa ni Alhamisi jua likishazama. Kwa mwingine ni Ijumaa yenyewe baada ya kazi. Wote wawili wanajua Kiswahili, na wote wawili wana haki. Waandishi wa magazeti waliiona shida hii siku nyingi, ndiyo maana huandika "usiku wa kuamkia Ijumaa". Nawe ukiandika kadi ya mwaliko, fanya hivyo, au taja tarehe.

Wa tatu ni fedha. "Elfu ishirini na tano" ni 25,000, au ni 20,000 na shilingi tano juu? Akili inakwambia ni ya kwanza, lakini hesabu haziandikwi kwa kukisia. Anayesema "ishirini na tano elfu" amefunga mlango wa ubishi. Na mjini tumezidisha: dalali anakwambia chumba ni "mbili", gari ni "tano", kiwanja ni "nane na nusu". Mbili nini? Laki au milioni? Kwa mwezi au kwa miezi yote sita? Na ada ya dalali imo au haimo? Watu wameshikana mashati kwa sababu ya maneno yaliyoachwa tumboni. Kabla hujatoa senti, sema kiasi chote kwa ukamilifu wake na mwenzako arudie. Kisha kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, kama inavyoandikwa hundi ya benki.

Wa nne ndio unaonitisha kuliko yote, nao ni dawa. Mgonjwa anapewa pakiti iliyoandikwa "1 x 3" na kuambiwa, "Moja kutwa mara tatu." Sasa, kutwa katika lugha yetu ni mchana, tangu kuche hadi kuchwe. Tukitaka kusema mchana na usiku twasema kutwa kucha. Mgonjwa anayejua Kiswahili chake anameza asubuhi, adhuhuri na magharibi, kisha analala usiku mzima bila dawa. Lakini zipo dawa, hasa za kuua vijidudu, ambazo mganga akisema mara tatu ana maana ya kugawa saa 24 kwa tatu, yaani kila baada ya saa nane: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Na zile za maji za watoto huambiwa "kijiko kimoja". Kijiko cha chai ni mililita 5, na kijiko kikubwa cha mezani ni mililita 15. Mama akichukua kile kikubwa, mtoto amepata dozi mara tatu, na hakuna aliyekusudia kumdhuru.

Hapa ndipo lile neno letu la leo linapofanya kazi. Kabla hujaondoka dirishani, sema hivi: "Daktari, naomba nirudie nilivyoelewa. Nampa kijiko hiki kidogo, asubuhi saa 12, mchana saa 8, usiku saa 4, kwa siku tano hata kama homa imeshuka. Ndivyo?" Ukikosea atakusahihisha palepale. Foleni iliyo nyuma yako inaweza kunung'unika. Iache inung'unike.

Najua lipo pingamizi. Mtu atasema, "Nikimwambia mfanyakazi wangu arudie, ataona namfanya mtoto. Nikimwambia mzee arudie, nimemvunjia heshima." Ni kweli, swali la "Umeelewa?" lina ubaya wake. Kwanza, ni swali lenye jibu moja tu. Nani atajibu, "Hapana, mimi ni mzito wa kuelewa"? Pili, linaweka lawama juu ya msikilizaji.

Basi geuza, ubebe mzigo mwenyewe. Ukiwa mkubwa, sema: "Nimeeleza haraka haraka. Hebu nirudishie, nione kama kuna kitu nimekisahau." Hapo unayepimwa ni wewe mwenyewe. Na ukiwa mdogo, mbele ya mzee au bosi, sema: "Mzee, naomba nirudie agizo lako ili nisije nikakuangusha." Sijapata kuona mzee aliyekasirishwa na maneno hayo. Wengi hufurahi, kwa sababu wanaona agizo lao limebebwa kwa mikono miwili.

Katika biashara, jambo hili ni fedha taslimu. Chukulia mwenye duka la Tandika anampigia simu muuzaji wa jumla wa Kariakoo: "Kaka, niletee ile sabuni ya siku zote, kumi." Kumi nini? Katoni au dazeni? Ya siku zote ni ipi, ya mche au ya unga? Lete leo au kesho? Nauli ya kirikuu nani analipa? Muuzaji mwerevu hakati simu. Anasema, "Katoni kumi za sabuni ya mche, leo kabla ya saa kumi jioni, usafiri juu yako. Ndivyo, dada?" Amepoteza nusu dakika na ameokoa safari ya kwenda na kurudi, na zaidi ya yote ameokoa mteja.

Vivyo hivyo kwa fundi cherehani. Yeye husema, "Njoo Ijumaa." Wengi wetu tunaondoka na Ijumaa hiyo kama hazina. Muulize kwa upole: "Fundi, Ijumaa hii ya tarehe ngapi? Nije saa ngapi? Na ukiona haitakamilika, utanipigia siku gani?" Swali hilo la mwisho ndilo lenye nguvu. Linampa njia ya kusema kweli bila aibu, mapema, wakati bado una nafasi ya kutafuta vazi jingine la harusi.

Hata simu zetu zinajua siri hii. Ukituma fedha, mitandao mingi hukuonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha. Hapo neno linarudi kwako. Lakini wangapi wetu tunalisoma jina lile? Tunabonyeza kwa haraka, kisha tunaanza kumbembeleza mtu tusiyemjua aturudishie fedha. Na kwenye ujumbe wa maandishi tumeridhika na alama inayoonyesha kwamba mwenzetu amesoma. Kusoma si kuelewa, na kuelewa si kukubali. Kama jambo ni zito, piga simu, au omba akujibu kwa maneno na si kwa kidole gumba kilichoinuliwa.

Namalizia kwa neno kwa wakubwa, wenye ofisi, wenye viwanda na wenye nyumba. Kumbuka yule mhandisi wa Tenerife. Aliuliza mara moja, akajibiwa kwa uhakika, akanyamaza. Baadaye mashirika ya ndege yaliona kwamba haitoshi kumfundisha rubani kurusha ndege. Ikabidi wadogo wafundishwe kusema, na wakubwa wafundishwe kusikiliza. Jiulize: katika ofisi yako, kijana akiona unaelekea shimoni, anaweza kukwambia mara mbili? Au ulipomfokea siku ile mbele ya wateja, ndipo ulipomfundisha kusema "sawa, bosi" mpaka mwisho? Nyumbani nako, mtoto anaweza kukwambia kwamba ada uliyotoa haikutosha, au ataogopa mpaka arudishwe kutoka shule? Mkubwa anayeogopwa sana huwa wa mwisho kupata habari, na habari zenyewe humfikia zikiwa zimekwishakuwa hasara.

Waswahili wanasema kuuliza si ujinga. Kwa leo tuongeze kwamba kurudia nako si ujinga. Wiki hii chagua agizo moja tu kila siku, liwe la kazini au la nyumbani, na usiliache mpaka limerudi kwako. Likirudi lilivyo, shukuru. Likirudi limepinda, shukuru zaidi, kwa sababu umelinyoosha kabla halijamuumiza mtu.

Ndugu msikilizaji, kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tutakutana tena wiki ijayo. Kwaheri.